Zabibu Hajapata Choo

Mtaani kwetu Kihonda, mtu akikuona umebeba sungura kwenye tenga hukuuliza bei. Dereva wa bajaji aliyetupeleka kwa daktari wa mifugo aliuliza bei. Mama muuza vitumbua naye aliuliza, akaongeza kwamba nyama ya sungura haina mafuta na mumewe ameshauriwa hospitali aile. Nilipomjibu dereva kwamba huyu hachinjwi, anakwenda kutolewa kizazi, alizima redio ili asikie vizuri.

"Kizazi cha sungura?"

"Ndiyo."

"Kwani mwenyewe ameomba?"

Mwenyewe hakuomba. Aliyeomba ni binti yangu wa darasa la tano, mmiliki halali wa Zabibu, na sababu alikuwa nazo. Kwa muda mrefu Zabibu alikuwa akishika mimba hewa. Nyumbani hakuna dume, kwa jirani hakuna dume, lakini mwili wake haukuhitaji ushahidi. Ghafla ataanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, atasomba nyasi kavu kwa mdomo, atajenga kiota ndani ya kofia yangu ya Ijumaa, na ole wake atakayepeleka mkono. Sungura hunguruma, bwana. Sikuwa na habari hiyo mpaka siku nilipokwenda kudai kofia.

Daktari akatuongezea zito zaidi: sungura jike asiyetolewa kizazi, akishavuka miaka 3 au 4, saratani ya kizazi humwandama sana. Binti yangu aliposikia neno saratani, mjadala wa bajeti ukafungwa.

Mke wangu amewahi kupasuliwa, kwa hiyo mambo ya theatre anayajua. Usiku wa kuamkia siku yenyewe alikuwa ameshaondoa bakuli la mchicha, na daktari akampigia simu kumwambia alirudishe. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna hofu ya kutapika na kupaliwa akiwa kwenye nusu kaputi. Hofu ni tumbo kukaa tupu, maana utumbo wa sungura ukigoma kufanya kazi, mwenyewe anaweza kufa huku bado mnashauriana. Basi mgonjwa wetu akaenda kupasuliwa huku anatafuna.

Kazi ilikwenda salama. Daktari alitoka akijipangusa jasho, akasema vizazi vyote viwili vimetoka. Tukatazamana. Kumbe sungura jike ana vizazi viwili, kila kimoja na mlango wake! Habari hii ilipofika mtaani ilizua ubishi kuliko oparesheni yenyewe. "Viwili?" alisema mama muuza vitumbua, mkono kiunoni. "Sasa si wangemwachia kimoja?"

Tukarudi nyumbani na masharti. Dawa ya maumivu apewe mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asiruke juu ya makochi. Alazwe juu ya magazeti, si pumba za mbao, vumbi lisije likaingia kwenye mshono. Mshono wenyewe uangaliwe asubuhi na jioni. Zaidi ya yote, ale na apate choo. Zikipita saa 12 hajatia kitu mdomoni, tupige simu hata iwe usiku wa manane.

Zabibu hakutia kitu mdomoni. Nilimletea matembele mabichi, giligilani, mpaka karoti za Mgeta kutoka soko la Chifu Kingalu, ambazo bei yake hailingani na adabu aliyozipokelea. Aligeuza mgongo, akaingia chini ya meza ya chakula, akatulia huko. Tulipomshika masikio yalikuwa ya baridi, ikabidi tumwekee chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo.

Ikaja zamu ya kumlisha kwa nguvu. Chakula chake cha punje tulikisaga, tukakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, kikawa uji wa kijani. Mgonjwa alifungwa kwenye kanga ya mke wangu iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", kichwa pekee kikabaki nje, na kwa jinsi alivyonikazia macho juu ya maandishi yale sikuwa na shaka hasidi ni nani. Sungura ana mwanya mpana nyuma ya meno ya mbele, na bomba hupitia hapo ubavuni, taratibu, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Zabibu alikuwa akiuweka uji shavuni, ananiacha nimsifu, ananiacha nigeuke kumwambia mke wangu kwamba ameshazoea, ndipo anauachia wote kwenye shati.

Kuna suala la kulinda mshono asiulambe. Ile kola ya plastiki wanayovishwa mbwa daktari aliikataa, kwa sababu sungura ana aina mbili za kinyesi, kikavu na laini, na kile laini ni lazima akifuate mwenyewe kwa mdomo pale pale kinapotokea, kwa kuwa bado kina virutubisho. Nalitaja hili haraka, maana huenda msomaji yuko mezani. Badala ya kola tulikata mkono wa sweta ya shule, tukatoboa matundu ya miguu, tukamvisha. Ni sweta ya kijani, shule sitaitaja.

Sasa tukawa tunangoja choo. Nimekaa katika baraza la wazee wa mtaa, nimesuluhisha ndoa, nimesimama kwenye misiba nikatoa wasifu wa marehemu. Usiku ule nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, tochi mkononi, namwuliza mke wangu kwa sauti ya matumaini kama kile cheusi kule kwenye kona ni chenyewe. Kilikuwa kifungo cha shati.

Wakati sisi tuko sakafuni, binti yangu alikuwa na simu yangu. Aliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akatuma ujumbe wa sauti: "Shikamooni wote. Zabibu amefanyiwa oparesheni leo, ametolewa kizazi. Amezinduka, ila hataki kula, na hajapata choo. Baba anamlisha kwa bomba. Tunaomba mumwombee."

Kila neno lilikuwa kweli. Shida ni kwamba katika ukoo wetu Zabibu ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwenye duka la mchele Ifakara. Binti yangu alimpa sungura wake jina hilo kwa sababu ya hadithi ya shuleni ya sungura na zabibu. Sisi wakubwa tuliliona tatizo, tukanyamaza, kwa imani kwamba Kihonda ni mbali na Ifakara.

Majibu yakamiminika. Mungu amfanyie wepesi. Shangazi jamani, juzi tu nimeongea naye. Binamu mmoja mwenye haraka zake aliandika "Inna lillahi", akaambiwa bado, akafuta. Simu ya Shangazi Zabibu ilikuwa imezimika chaji, na kila aliyempigia akamkosa, hofu ikapanda. Binamu mwingine ambaye ni muuguzi akauliza swali la kitaalamu: ameshajamba? Akijamba, utumbo umefunguka.

Binti yangu akajibu: "Sijui. Yuko chini ya meza."

Kundi likanyamaza kidogo.

"Mgonjwa anafanya nini chini ya meza?"

"Anapapenda. Tukimtoa anauma."

Hapo ndipo mweka hazina wa ukoo alipofungua mchango. Watu wakatuma 5,000, watu wakatuma 10,000, na mjomba mmoja ambaye hajachangia harusi yoyote ninayoikumbuka akatuma 20,000.

Mimi nililala bila kujua chochote. Asubuhi hodi ikapigwa, nikafungua, nikakuta Shangazi mkubwa kutoka Kilosa, vumbi la basi usoni, kuku wa kienyeji kwapani. Hakungoja hata shikamoo yangu iishe.

"Yuko wapi mdogo wangu?"

Kabla sijapata la kusema, binti yangu alikwisha kumwamkia, akamshika mkono kwa adabu zote, akamwongoza hadi kwenye meza na kuinua kitambaa. Shangazi akainama. Zabibu, ndani ya sweta ya shule, akamtazama.

"Hii ni nini?"

"Ndiye Zabibu, Bibi."

Shangazi alijivuta kwenye kochi, akaketi. Akamtazama sungura, akamtazama kuku, akamalizia kwangu. "Nimepanda basi la alfajiri. Nimebeba kuku wa supu ya mgonjwa. Sasa naomba mnieleze, mwanangu, hapa anachinjwa nani?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza saratani, nikaeleza mimba hewa, na nilipofika kwenye vizazi viwili niliona uso wake umebadilika, nikaharakisha. Kuku alikuwa amewekwa chini, miguu imefungwa, analalamika. Huenda ni kelele zake, au ni dawa ya maumivu iliyokuwa imekolea, lakini Zabibu alitoka chini ya meza peke yake, akamnusa kuku, akauma jani moja la matembele, akasogea hadi miguuni kwa mgeni, na pale pale juu ya pindo la kanga yake akaangusha punje moja. Halafu ya pili. Halafu msururu.

Mke wangu alipiga vigelegele. Nami nilipiga makofi, sikatai. Mama muuza vitumbua aliingia mbio na mwiko mkononi akiuliza nani amejifungua, na binti yangu alikuwa ameshatangaza kwenye kundi: "AMEPATA CHOO!" Watu wazima kutoka mikoa kadhaa wakajibu Alhamdulillahi.

Shangazi alikung'uta kanga yake bila haraka, akaomba simu, akarekodi ujumbe wa kwake: "Mgonjwa ni sungura. Narudia. Sungura." Kisha akatoka uani na kuku na kisu.

Jioni, tukiwa tumeshiba supu, Shangazi Zabibu alipata umeme. Alisoma yote kuanzia juu. Akaandika: "Mimi mzima, niko dukani, kizazi changu ninacho. Huo mchango umekusanywa kwa jina langu, basi mweka hazina autume kwenye namba yangu." Mweka hazina akasema suala ni gumu, linahitaji kikao. Ndipo binti yangu akaandika, kwa simu yangu na chini ya jina langu, kwamba kwa haki fedha zigawanywe mafungu matatu, Shangazi achukue moja na Zabibu wa kwetu mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyetolewa viwili.