Namna ya Kupima Urefu wa Kesi ya Mauaji Bila Kumdanganya Mtu

Mahakama Kuu inakuja kuketi Kasulu au Kibondo, nawe karani umeambiwa upange kesi za mauaji. Kalamu yako imekwisha kuandika "siku mbili". Iweke chini kwanza, kisha fuata hatua hizi.

Kwanza, usihesabu mashahidi kwa vichwa, hesabu yanayobishaniwa. Sheria iliweka usikilizwaji wa awali kwa kazi hiyo hiyo. Mshtakiwa akikubali kwamba marehemu amefariki na kwamba ripoti ya daktari ni sahihi, mwache daktari wodini na wagonjwa wake. Usikilizwaji wa awali ukipitishwa mbio mbio, muda uliookolewa asubuhi hiyo utalipwa kwa riba ya siku nzima.

Pili, uliza habari za maelezo ya onyo, yale ambayo mshtakiwa aliandikiwa polisi. Kama mshtakiwa anadai alipigwa ndipo akakiri, kuna kesi ndogo itakayozaliwa ndani ya kesi kubwa. Polisi watatoa ushahidi, mshtakiwa naye atajibu, na jaji ataamua kama maelezo yapokelewe. Muulize wakili mapema, na umtengee mtoto huyo siku yake.

Tatu, pima lugha. Bibi wa kijijini atasema Kiha. Shahidi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huenda akasema Kirundi. Kila swali litasemwa mara mbili, na jibu vivyo hivyo. Saa moja ya ushahidi ihesabu kuwa mbili. Wala usimkamate mpita njia awe mkalimani kwa kuwa lugha hizo ni ndugu: kuelewana sokoni si kutafsiri mahakamani, ambako neno moja linaweza kumfunga mtu.

Nne, tazama mawingu. Mvua ikishika, barabara ya udongo ndiyo inayopanga ratiba, na shahidi ana maharage yanayomngoja. Peleka wito mapema, andaa posho yake, na umwite kwa siku atakayosikilizwa kweli. Aliyeshinda siku tatu chini ya mti bila kuitwa ndani, mara ya pili utamtafuta kwa tochi.

Tano, wazee wa baraza. Sisi Watanzania hatuna baraza la watu 12 linaloamua hatia kama Uingereza au Marekani. Wazee wetu humpa jaji maoni, kila mmoja kwa kinywa chake, naye jaji hafungwi nayo. Zamani kesi ya jinai Mahakama Kuu haikusikilizwa bila wao, wasiopungua wawili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, jaji ndiye anayeamua kama watahitajika. Akiwahitaji, waite watatu. Mmoja akiugua, kesi huendelea na waliobaki. Wakikosekana zaidi ya mmoja, sheria inataka kesi ianze upya na wazee wengine.

Tenga pia muda wa kumuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi na mzee yeyote, na wa kuwaeleza wazee kazi yao. Wao huuliza ili waelewe. Kumdodosa shahidi ni kazi ya upande wa pili. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi nyingi kwa sababu wazee waliachwa wadodose mashahidi, au jaji hakuwafafanulia sheria inavyopaswa. Nusu saa iliyobanwa asubuhi ya kwanza imewahi kurudisha watu mwanzo baada ya miaka.

Sasa chukua kalamu. Ukipata siku tano, andika tano, hata kama ratiba inatamani mbili. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana: kesi ikikatika katikati, yeye anarudi mahabusu, na mama wa marehemu anarudi kijijini bila jibu. Wote wawili wanaishi ndani ya hesabu yako. Ihesabu vizuri.