Silaha za Bibi

Nchi iliyowahimiza wanawake wake wawafumie askari soksi katika vita viwili vikuu sasa ina maduka ya hisani yasiyothubutu kuuza sindano za kufumia. Ndiyo, Uingereza hiyo hiyo. Ukiziulizia, mhudumu wa kujitolea, bibi aliyeanza kufuma kabla hujazaliwa, anakusogelea na kunong'ona: "Usalama, mpenzi." Zipo stoo, ndani ya boksi, kama bunduki zilizosalimishwa. Rafuni, mahali ambapo mtoto yeyote anaweza kufikia, kuna fimbo za gofu za chuma, vyombo vya kioo vya maua, na viatu vyenye visigino vyembamba vinavyoweza kutoboa zulia. Hivyo havina neno.

Sheria ipi inayokataza? Usiulize. Kuna Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1974, inayobebeshwa kila woga wa meneja, masikini. Mwaka 2012 mamlaka ya serikali inayosimamia usalama huo ililazimika kuunda jopo la kukanusha makatazo ya kubuni. Hebu fikiria: wakaguzi wa hatari wenyewe wanawasihi watu wapunguze woga!

Na uwanja wa ndege, ambako mkasi wenye makali marefu hunyang'anywa? Mwongozo wa serikali unaruhusu sindano za kufumia kwenye mkoba wa mkononi. Ukiwa angani, fuma utakavyo.

Uzi, lakini, haukuwa na kikwazo. Nilipata mfuko mzima wa sufu kwa bei ya kutupa, pamoja na ushauri wa bure kwamba siku hizi watu hufumia vidole.