Kazi ya Vitufe Vitatu

Kuendesha kompyuta kwa kibodi si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kulipwa. Mteja akikuona unasugua mausi mezani, umekunja uso, unabofya na kuguna, anaamini fundi yuko kazini. Bonyeza vitufe vitatu tatizo liishe, uone atakavyokutazama.

Shemeji yangu ana stesheneri Mbagala, na mashine zake zikichachamaa naitwa mimi. Jumamosi moja kijana wa dukani alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi, kompyuta inawaka. Kitambaa kikalalia Ctrl, Alt na mshale wa chini kwa mpigo. Kwenye kompyuta nyingi za zamani zenye chipu ya Intel, hilo ni agizo halali: pindua kila kitu kiooni kichwa chini. Nilipofika foleni ilikuwa imemwagika hadi barazani na kila mtu ana dawa yake. Mama mmoja alitaka umeme uzimwe kwenye mita kabisa. Dereva wa bodaboda, mtu wa vitendo, alishakikumbatia kioo ili akigeuze chenyewe. Mzee aliyeleta barua ya kuomba kiwanja alinisogelea kwa upole: "Mwanangu, na barua yangu nayo itatoka miguu juu?"

Nikabonyeza Ctrl, Alt, mshale wa juu. Kila kitu kikakaa sawa. Hakuna aliyepiga makofi. "Kumbe ndiyo hivyo tu, shem?" akasema mwenye duka, na mkono uliokuwa unaelekea kwenye droo ya pesa ukarudi kiunoni.

Naamini kosa ni la mausi, imetuzoesha maonyesho. Lakini Douglas Engelbart mwenyewe, aliyeitambulisha hadharani San Francisco mwaka 1968, hakuitegemea peke yake: mkono wa kulia ulishika mausi, wa kushoto ulikuwa kwenye kibodi ndogo ya vitufe vitano. Hiyo ya kushoto dunia ikaisahau.

Heri dirisha lililopotea, maana hilo angalau lina mwendo wa kutazamwa. Ukichomoa kioo cha pili, kuna programu hung'ang'ania kufunguka kulekule kusikokuwapo. Jina liko chini kwenye upau, mwenyewe haonekani. Kwenye Windows unalichagua kwa Alt na Tab, unabonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha M, halafu unashikilia mshale. Dirisha linaingia pole pole kutoka pembeni, kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Nyumbani natumia Linux, na huko kuna wmctrl, programu ndogo inayosogeza na kufunga madirisha kwa amri ya maandishi. Unaitajia jina la dirisha, na kipande cha jina kinatosha. Mpwa wangu aliipenda mara moja. Akaandaa amri ya kufunga mchezo wa karata, aipige mama yake akisikika mlangoni. Mama akasikika, amri ikapigwa. Sasa wmctrl hushika dirisha la kwanza inalolikuta lenye herufi hizo, na la kwanza lilikuwa "Hesabu: karatasi ya marudio". Likafungwa bila kelele. Dada yangu akaingia, akakuta kopa na shupaza zimetandazwa kioo kizima.

"Hizi ndizo hesabu?"

"Ndiyo, mama. Mada ya uwezekano."