Mchi wa Mama Mkwe na Beringi ya Kulia

Mvua za masika zilipokatika, madimbwi ya Tabata yalikauka lakini Spacio yetu ikabaki na mvumo. Chini ya kilomita 40 kwa saa husikii kitu. Ukifika 60 unaanza, na ukifika 80 aliyekaa mbele hasikilizani tena na aliyekaa nyuma. Mume wangu, Baba Neema, aliutibu kwa kuongeza sauti ya redio.

Tulikuwa na harusi Korogwe, na mama mkwe alishakata shauri kwamba atakwenda kwa gari la mwanawe, basi apande anayetaka. Mvumo ukawa jambo la ukoo. Shemeji, ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli, alitangaza kuwa injini inakufa. Muuza matairi akasema ni matairi, na kwa kuwa maneno ya muuzaji huwa matamu, Baba Neema akafunga mawili mapya mbele. Fedha ya kitambaa cha sare ikaishia hapo. Tulipoingia Barabara ya Mandela, mvumo ulikuwa palepale, safari hii ukiwa na matairi mapya.

Ni kweli tairi lililolika vibaya huvuma, na sauti yake huchanganya hata mafundi. Lakini kulipima hakuna gharama: ya mbele yahamishie nyuma, ya nyuma yalete mbele. Mvumo ukihama nayo, kosa ni la tairi. Usipohama, fedha yako ibaki mfukoni. Injini nayo hujitetea yenyewe: gari likiwa kwenye mwendo, ondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikishusha sauti na mvumo ukaendelea kufuata mwendo wa magurudumu, shemeji amekosea.

Aliyepatia ni mama mkwe, kutoka kiti cha nyuma. "Mbona tukikata kushoto ndiyo linalia," akauliza, "na tukikata kulia linanyamaza?" Hakuna aliyemjibu. Maneno hayo yalipomfikia mzee jirani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya mabasi, alicheka. "Mama kamaliza kazi. Mkikata kushoto, uzito wa gari unalalia gurudumu la kulia. Tazameni beringi ya kulia."

Jumapili ikatengwa mzee aje kulikagua gari. Shemeji alianza kabla mzee hajafika. Uwanja wetu ni mchanga, jeki ikazama, naye akaweka tofali la saruji chini yake. Gari lilipoinuka kidogo, tofali likapasuka katikati na Spacio ikarudi chini kwa kishindo kilichowatoa majirani ndani. Kwa rehema ya Mungu hakukuwa na mkono wala mguu chini yake.

"Shikamoo mzee," shemeji akasema kwa sauti ndogo mzee alipotokea.

"Marahaba. Tofali halibebi gari, mwanangu. Halikuonyi, linapasuka tu."

Akaagiza ubao mnene wa mninga uwekwe chini ya jeki, mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, breki ya mkono ivutwe, gia iwe N. Gurudumu la mbele la kulia lilipoachana na ardhi, gari likaegemezwa juu ya stendi ya chuma aliyokuja nayo. Watoto wakafukuzwa uani.

Mzee akashika tairi, mkono mmoja juu na mmoja chini, akalitikisa: huku anasukuma, huku anavuta. Likacheza, na ukisikiliza unasikia *kto, kto*. Akashika kushoto na kulia, akatikisa tena. Kucheza kukawa kudogo mno. Kungekuwa kwa upande huo peke yake, angetazama kwanza tairodi, fimbo ya usukani.

"Sasa breki ikanyagwe, lakini sitaki mtu ndani ya gari lililoinuliwa."

Ndipo Baba Neema alipoingia jikoni akatoka na mchi. Ukabanwa kati ya kiti na pedali, na breki ikashika. Mzee akatikisa juu na chini: kimya, tairi halichezi. Breki inapolifunga gurudumu na kucheza kukaisha, ulegevu uko kwenye beringi. Kucheza kukiendelea breki imeshikwa, tafuta bojointi, kiungo cha chini cha gurudumu.

"Mchi wangu uko wapi?" mama mkwe akaita. Kisamvu kilikuwa kinuni, nusu kimetwangwa.

"Uko kwenye breki, mama."

Alitoka kuhakikisha, akarudi ndani bila kusema neno, na jambo hilo lilitutisha kuliko kishindo cha tofali.

Mchi ukachomolewa, mzee akamaliza. Mkono mmoja aliuweka juu ya springi, kwa mwingine akazungusha gurudumu. Akamwita kila mmoja wetu aguse. Springi ilikuwa inakwaruza kwa ndani, kama jiwe la kusagia lenye mchanga. Upande wa kushoto, ulipoinuliwa nao, springi ilitulia kabisa.

Kazi iliyobaki haikuwa ya uani. Beringi ya mbele ya gari hili imeshindiliwa, na hutolewa kwa mashine ya presi. Anayeigonga kwa nyundo huiharibu mpya siku hiyo hiyo. Gereji walipoitoa, grisi ilikuwa imegeuka tope na gololi zimeliwa. Madimbwi ya masika yalikuwa yamepenya sili.

Korogwe tulifika, mama mkwe akisinzia njia nzima. Nawe ukisikia gari linavuma kwa kufuata mwendo, usilizoee. Beringi iliyochoka hupata moto, hulegeza gurudumu, na ikiachwa mpaka mwisho gurudumu linaweza kung'oka barabarani. Sikiliza kwenye kona, inua, tikisa, zungusha, kisha ndiyo ufungue pochi. Na mchi ukiuhitaji, omba kwanza.