Waheshimiwa, Jina Tutachagua, Bei Je?

Kwa Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Halmashauri ya mji wetu, Uingereza.

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Fomu yenu ya maoni kuhusu kuanzisha halmashauri mpya za parokia katika mji wetu imenifikia, nami nimeisoma yote, pamoja na zile kurasa za mwisho ambazo nashuku hata aliyeziandika hakuzirudia. Mimi ni mtu wa Tanga. Sheria yenu inaniruhusu kupiga kura hapa kwa kuwa natoka nchi ya Jumuiya ya Madola, na kodi ninayowalipa kila mwezi imenipa ruhusa ya kusema.

Niwatoe wasiwasi kwanza jamaa zangu watakaoisoma barua hii huko nyumbani: parokia inayozungumzwa hapa haina padre. Sheria ya mwaka 1894 ilizipa parokia za vijijini mabaraza ya kuchaguliwa, shughuli za kiserikali zikatoka mikononi mwa kanisa. Leo England ina mabaraza ya namna hiyo yapatayo 10,000, yanayotunza makaburi, viwanja vya watoto, mabenchi, vibanda vya kusubiria basi na vibustani vya kukodi. Sadaka imebaki, ila siku hizi haipitishwi kwenye kikapu. Inakatwa humo humo ndani ya kodi ya halmashauri.

Sasa maswali yenu. Mnataka kujua kama mji ugawanywe parokia mbili au tatu, kama mpaka ufuate reli au mto, kama madiwani wawe tisa au kumi na wawili, na kama parokia yangu iitwe ya Kaskazini au ipewe jina lenye historia. Kila swali lina visanduku vitano, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa, na katikati mmemwekea nafasi asiye na msimamo, naamini kwa huruma. Kisha mnaingia kwenye uwanja mnaoupenda: umri wangu, dini yangu, afya yangu, asili yangu. Orodha ya asili za watu ni ndefu kuliko ya mipaka, na bado sisi wa pwani, ambao babu mmoja ni Mdigo na mwingine Mshihiri, mmetuweka kwenye "Wengineo". Mkimaliza kuzisoma fomu hizi mtanijua mimi vizuri kuliko nitakavyoijua hiyo halmashauri. Swali la itanigharimu kiasi gani sikuliona. Nilidhani ukurasa umechomoka.

Haukuchomoka. Acha niwasimulie wenzangu inavyokwenda, mtanisahihisha nikiteleza. Halmashauri kubwa, zile zenye mzigo wa kutunza wazee na watoto, kwa miaka ya karibuni haziwezi kupandisha kodi kwa asilimia 5 au zaidi bila kuwaitia wananchi kura ya maoni, labda serikali kuu iwape ruhusa ya pekee. Ndiyo maana kila mwaka tunaletewa ongezeko la asilimia 4.99, hesabu iliyopigwa kwa ustadi mkubwa. Matunzo ya wazee na watoto yanakula sehemu kubwa ya bajeti, na wala silalamiki, kwani nami nitazeeka humu humu. Kinachobaki hakitoshi kukata nyasi na kusafisha vyoo vya umma. Halmashauri za parokia, kwa upande wao, hazijawekewa kikomo hicho. Zinaweza kupandisha mchango wake kwa asilimia 10 au 40, na hakuna kura ya maoni inayolazimika kuitishwa.

Basi mtu mwenye nyasi zisizokatika na kikomo asichoweza kukiruka, akimwona jirani asiye na kikomo, atafanya nini? Atamkabidhi jirani nyasi. Na kama jirani hayupo, atamzaa. Swindon iligawanywa kwa mtindo huo mwaka 2017, maeneo ya mjini yaliyokuwa hayana parokia yakapewa, pamoja na nyasi na takataka zake. Na kuna jambo tamu zaidi ambalo fomu yenu imelinyamazia: mchango wa mwaka wa kwanza wa parokia mpya haupangwi na parokia. Mnaupanga nyinyi. Kwa hiyo mnamzaa mtoto, mnamwandikia deni la kwanza, kisha mnatualika sisi tulipao tumchagulie jina.

Mnasema lengo ni kusogeza madaraka karibu na wananchi. Maneno mazuri hayo, nimeyasikia kwa lugha mbili. Ila madiwani mnaotaka wawe tisa au kumi na wawili watatoka wapi? Katika parokia nyingi za nchi hii wagombea hawafiki idadi ya viti. Waliojitokeza hupita bila kupingwa, na viti vinavyobaki hujazwa kwa kualikana. Sisi Watanzania tuna uzoefu wa kupita bila kupingwa. Mwaka 2019 chama tawala kilizoa zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji na mitaa, baada ya wagombea wa upinzani kuenguliwa kwa wingi na vyama vyao kususia. Kwenu hakuna aliyeenguliwa wala aliyesusia. Hakuna tu aliyechukua fomu. Sijui lipi linasikitisha zaidi.

(Kuhusu halmashauri ya parokia ya Handforth, ambako katika mkutano wa mtandaoni wa Desemba 2020 mwenyekiti alitolewa nje na baadaye dunia nzima ikacheka, sina la kuongeza. Angalau pale watu walihudhuria.)

Msinielewe vibaya, sipingi parokia. Queen's Park, mjini London, wakazi wenyewe ndio waliodai baraza lao. Walikusanya saini, mwaka 2012 wakapiga kura na waliolitaka wakashinda, na mwaka 2014 wakachagua madiwani wao. Pale wananchi walitangulia na halmashauri ikafuata. Kwetu halmashauri imetangulia mbali sana, sisi tumeachiwa visanduku.

Najua sheria ya mwaka 2007 inawataka mtuulize na myazingatie maoni yetu. Haisemi myafuate, na hilo mnalifahamu kuliko mimi. Kwa sababu hiyo siombi makubwa. Toeni fomu nyingine yenye ukurasa mmoja. Orodhesheni kila bustani, kila choo, kila kiwanja na kila eneo la makaburi mnalokusudia kulikabidhi, na mbele ya kila kimoja muandike kinagharimu pauni ngapi kwa mwaka na nani anazilipa leo. Chini kabisa wekeni mchango wa mwaka wa kwanza kwa nyumba ya kawaida, na mtuambie kama kodi yenu nyinyi itapungua kwa kiasi hicho hicho mkishautua mzigo huo. Kama haitapungua, andikeni haitapungua. Dini yangu na umri wangu mnavyo tayari.

Mkishaniletea ukurasa huo, jina la parokia nitawachagulia siku hiyo hiyo, bila malipo.

Wenu katika kodi,
Mkazi wa "Wengineo"