Apewe Sifa Zake Papasi

Mji Mkongwe wa Unguja umesifiwa mpaka sifa zimechuja. Milango ya njumu imesifiwa, vibaraza vimesifiwa, karafuu imesifiwa hata na watu ambao hawajawahi kuitia mdomoni, na mwaka 2000 UNESCO nayo ikagonga muhuri wake. Lakini yule anayewaburuta wageni mpaka mbele ya hiyo milango hajatungiwa hata ubeti mmoja. Namsema papasi: kijana wa kandambili, miwani ya jua utosini, asiye na beji ya Kamisheni ya Utalii, anayekudaka bandarini Malindi kabla miguu haijazoea nchi kavu. Wenyeji wamempa jina la mdudu, mahoteli yameajiri walinzi wa kumfukuza, na kila aliyekwenda Unguja anamuusia anayekwenda asimjibu. Mimi nimekuja kumtetea.

Kazi yake niliiona kwa karibu nilipofuatana, kama mlezi, na timu ya mpira ya chuo kimoja cha Bara. Tulikwenda Unguja kwa mechi ya kirafiki uwanja wa Mao, tukafungwa mabao ambayo hapa si mahali pake, na kesho yake vijana wakapewa siku ya kutembea kabla ya boti ya jioni. Kundi zima, traksuti za rangi moja, wanaranda Forodhani wakipiga picha za viatu vyao. Papasi gani angelala?

Jicho lake lingefaa kuajiriwa na mamlaka ya mapato. Lilimpita nahodha na kifua chake, likampita kocha na filimbi yake, likanipita mimi na mvi zangu, likatua kwa kipa wa akiba, kijana mwembamba aliyejikalia nyuma kimya. "Vipi mweka hazina, mmefika salama?" Na kweli fedha za timu zilikuwa kiunoni mwake, ndani ya kipochi, chini ya fulana mbili.

Halafu ukabaji. Msimu mzima kocha alikuwa amewafokea mabeki wake juu ya kumkaba mtu kwa mtu, bila mafanikio, kama mabao ya jana yalivyoonyesha. Papasi akawafundisha somo lote kabla ya saa nne asubuhi, bure. Tukikata kona Shangani, yupo. Tukiingia duka la vinyago, tukitoka tunamkuta barazani, kakunja nne, anatungoja kama shemeji. Kocha akamwambia waziwazi kwamba hatuhitaji mwongozaji. Akakubali bila kinyongo. "Hamna haja, mzee wangu, mie natembea tu." Na akatembea kweli, hatua mbili mbele yetu, akigeuka kila baada ya nyumba tatu kutueleza nani alikaa wapi.

Wanaomchukia husema anadanganya. Anadanganya sana, na hapo ndipo penye faida yake. Mwongozaji mwenye beji atakupa ukweli mtupu, utaitikia kwa adabu, na ukifika kwenye urojo umeshausahau. Papasi hukupa uongo unaokukereketa mpaka uuchimbe mwenyewe. Tulipofika mbele ya Jumba la Ajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, akatangaza kwamba upande ulioanguka uliangushwa na mizinga ya Waingereza, katika vita vya wiki nzima. Nahodha wetu, anayesomea ualimu wa historia, akawaka. Simu zikatoka mifukoni. Upande huo uliporomoka Desemba 2020, watu wakiwa kazini kulikarabati jumba. Vita ni vya tarehe 27 Agosti 1896: Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zikalipiga kasri, naye akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Muda unaotajwa zaidi ni dakika 38.

"Thelathini na nane?" akauliza beki wa kati. "Si hata mapumziko bado!"

Wakabishana nusu saa chini ya mwembe, muda unaokaribia ule wa vita vyenyewe. Kwa miaka yangu ya kufundisha sijawahi kuona wachezaji wa mpira wakigombania tarehe. Papasi alisikiliza kwa makini, hakubisha, na alasiri nikamsikia akiwaeleza Waitaliano wawili, kwa Kiitaliano, akiwahesabia kwa vidole mpaka thelathini na nane, kwa uhakika wa mtu aliyekuwapo.

Akatuonyesha nyumba ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kisha mbele kidogo akatuonyesha nyingine ya huyohuyo. Winga wetu akauliza alichezea timu gani. "Queen," akajibu papasi. Ikabidi tumweleze winga, aliyekuwa amekunja uso, kwamba si Simba Queens.

Kanisani Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi 1873, hakuingia. Alibaki getini akivuta sigara. Kisiwani Changuu alikwenda, tena bila nauli, maana mwenye mashua alikuwa binamu yake, au alisema ni binamu. Huko kuna jela isiyowahi kufunga mtu, ikageuzwa karantini, na kuna kobe wakubwa. Akampiga mmoja kofi la mapenzi gambani: huyu alimwona Seyyid Said hapahapa kwa macho yake. Seyyid Said alifariki 1856. Kobe wa kwanza waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Hesabu hiyo ya kutoa ilifanywa ndani ya mashua na vijana ambao ripoti zao za Hisabati nimezisaini mimi mwenyewe, kwa huzuni.

Sisemi wote ni malaika. Wapo wa kukuuzia tiketi ya boti isiyokuwapo, na hao hawapaswi kusifiwa, wapelekwe polisi. Wa kwetu alikula kamisheni yake ya vinyago, ya mashua na ya juisi ya miwa, na jioni bandarini akadai pia malipo ya kututembeza, yeye ambaye alikuwa anatembea tu. Kipa wa akiba akafungua kipochi. Papasi akazihesabu noti mara mbili, akaguna kidogo kwa desturi, akazitia mfukoni, kisha akamvuta kocha pembeni.

"Mzee wangu, jana nilikuwapo Mao. Yule wako wa kushoto anakaba mpira, hakabi mtu. Mabao yote yamepita kwake."

Kocha, ambaye hajawahi kupokea ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwamo, akatoa simu na kuomba namba yake.