Risiti ya Saa Sita Usiku

Wasiojua hudhani kuandika programu ni kazi ya akili. Yangu ni ya kupanga foleni. Risiti ya duka ndani ya Java imekaa raha mustarehe: jina la mteja, anwani, simu, tarehe, bei. Lakini mfumo wa upande wa pili unaitaka kwa XML, tena XML inayotii skima.

Skima ni mzee wa posa: ukweli wa kilichomo kwenye mkoba haumshughulishi, anaangalia nani katangulia kuongea. Simu ikikaa mbele ya anwani, unarudishiwa kosa la cvc-complex-type.2.4.a, na hapo hata ukisoma Ayatul Kursi hakupiti kitu. Haya, nikaandika propOrder, kila mtu akakaa nafasi yake. Kumbe risiti ya mteja anayeitwa "aaa", simu yake sifuri kumi, inapita kama bwana harusi! Foleni iko sawa, tarakimu zimetimia. Mtu mwenyewe hayupo, ila hilo skima haliihusu.

Fundi wa kugeuza anaitwa JAXB. Usipomkabidhi skima mkononi ataandika atakavyo na kukuaga salama, aibu uikute mbele. Alikuwa mtu wa nyumbani, ndani ya Java tangu toleo la 6, mwaka 2006. Toleo la 11, mwaka 2018, likamtoa na virago vyake, unamtaka, kamtafute. Halafu wakambadilisha jina, javax ikawa jakarta, nasi tukafungua faili moja moja kumfuata.

Lakini kilichonichosha ni tarehe. Skima inataka siku tu. Ukitumia ile Date kongwe ya Java, JAXB anakubandikia na saa juu: T00:00:00+03:00. Inakataliwa.

Nilikuwa nalo hilo kwenye duka la mchele pale Mwanakwerekwe, mwenye duka kanisimamia mgongoni.

"Mwanangu, hizo sifuri ni saa ngapi?"

"Saa sita usiku, Ami."

"Saa sita usiku duka langu nani kafungua?"

Nikamweleza kwamba ni kompyuta tu, hakuna aliyeuza. Akaitikia "aa", kisha akanyoosha mkono kwa kijana wake na kumtaka funguo. Siku hizi nikipita pale, yule kijana salamu yangu haijibu.